Kwenda kongamano la wavuti na maandishi yako mkononi

Mtu anayeandika mtandaoni kwa jina lake mwenyewe, asiye na gazeti wala mhariri nyuma yake, hupata nafasi chache mno za kuketi na kujiuliza anaandika nini, anamwandikia nani, na maandishi yake yamehifadhiwa wapi. Kongamano la wavuti, yaani mkutano wa ana kwa ana wa watu wanaoandika na kutengeneza tovuti, ni mojawapo ya nafasi hizo, ilimradi asiende mikono mitupu. Mara mbili za kwanza nilizohudhuria makongamano ya namna hii nilirudi Tanga na begi la kitambaa, kalamu na kadi za watu ambao sikuwahi kuwaandikia. Mara ya tatu nilikwenda na makala zangu zimechapwa kwenye karatasi, na safari hiyo ndiyo iliyonifunza utaratibu ninaoueleza hapa. Ni utaratibu wa mtu mmoja, lakini nimewaelekeza wenzangu kadhaa na umewafaa.

Anza na makala zako, ratiba baadaye

Wiki tatu kabla ya safari, hata kabla hujaitazama ratiba ya kongamano, ifungue tovuti yako kama mgeni angeifungua, yaani kwa simu ya kawaida, kwa bando dogo, bila kuingia kwa neno lako la siri. Zisome makala zako kuanzia ile ya kwanza kabisa. Usisahihishe chochote kwa sasa, maana ukianza kusahihisha utazama katika nukta na herufi na kusahau kusoma. Chukua daftari, uchore safu nne: kichwa cha makala, tarehe yake, hali ya picha zake, na hali ya viungo vyake, kama vinafunguka au vimekufa. Kazi hii inachosha, na kwa mwenye makala mia moja na kitu inachukua jioni nne au tano. Ifanye yote, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinatokana na daftari hilo.

Nilipoifanya kwa mara ya kwanza niliifikia makala niliyoiandika mwaka 2011 kuhusu bibi yangu mzaa mama, ambaye kila alasiri alikaa barazani akisuka ukili wa miyaa, akiuviringisha duara moja juu ya jingine mpaka utoshe kushonwa mkeka. Maneno yote yalikuwapo. Picha haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kisanduku cha kijivu, na chini ya kisanduku maneno niliyoyaandika kwa haraka siku ile: "Bibi akiwa kazini." Picha niliiweka kwenye huduma ya bure ya kuhifadhi picha, huduma hiyo ikafungwa, na barua pepe ya kutahadharisha watumiaji ilipelekwa kwenye anwani niliyokuwa nimekwisha kuiacha. Bibi alikuwa amefariki miaka minne kabla ya jioni ile. Niliandika kwenye safu ya tatu, "haipo", nikafunga daftari, na sikuendelea mpaka kesho yake.

Ukimaliza orodha, toa humo maswali mawili au matatu ya kwenda nayo, na uyaandike kwa ukamilifu. Swali kama "nifanyeje ili nisomwe na watu wengi" halina mtu wa kulijibu, kwa sababu halihusu makala yoyote unayoweza kuinyooshea kidole. Swali kama "picha zangu sitini zilizokuwa kwenye huduma iliyofungwa mwaka fulani zinaweza kutafutwa wapi" litapata mtu wa kulijibu kabla ya chai ya saa nne. Kisha chagua makala mbili za kuchapa kwenye karatasi: moja ambayo usingekubali ifutwe kwa hali yoyote, na nyingine ambayo leo usingeiwekea jina lako. Karatasi husomeka ukumbini hata waifai ikizidiwa na watu, na mtu akikabidhiwa karatasi huisoma mpaka chini, jambo ambalo ni nadra akioneshwa simu.

Ni kongamano lipi

Makongamano ya wavuti hayafanani, na jina peke yake halitakueleza ni la nani. Lile la kwanza la kimataifa lilifanyika Mei 1994 katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva nchini Uswisi, palepale ambapo Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la wavuti mwezi Machi 1989. Lilifanyika mwaka mmoja tu baada ya CERN kutangaza, tarehe 30 Aprili 1993, kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote na haitalipiwa. Mfululizo huo ungali unaendelea, lakini siku hizi ni uwanja wa watafiti wa vyuo na kampuni kubwa, na mwandishi wa kawaida atatumia nauli nyingi kusikiliza hesabu zisizomhusu.

Kwa anayeandika mwenyewe yako mengine yanayomfaa zaidi. WordCamp, ya watumiaji wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilianza San Francisco mwaka 2006 na imekwisha kufanyika Nairobi na Kampala. Ukienda huko utakutana na mafundi walio tayari kukaa nawe nusu saa na kuitazama tovuti yako. Wikimania, ya wahariri wa Wikipedia na miradi ndugu zake, ilianza Frankfurt mwaka 2005, ikaja Afrika kwa mara ya kwanza Alexandria mwaka 2008, ikafika Cape Town mwaka 2018, na Agosti 2025 ikafanyika Nairobi. IndieWebCamp, iliyoanza Portland nchini Marekani mwaka 2011, ina desturi ambayo natamani makongamano yetu yangeiga: siku ya kwanza watu huzungumza, siku ya pili kila mmoja hukaa na tovuti yake mwenyewe na kutengeneza kitu, kisha jioni huwaonesha wenzake alichokitengeneza. Hata usipofika huko, desturi hiyo unaweza kuihamishia nyumbani kwako, kama nitakavyoeleza mbele.

Kigezo changu cha kuchagua ni kimoja. Naisoma ratiba nikiwa na yale maswali yangu pembeni, na kama sioni angalau vikao viwili ambavyo mtoa mada wake anaweza kujibu mojawapo, sijisajili. Ada, nauli na malazi vina thamani yake, na makongamano mengi siku hizi hurusha vikao vyake mtandaoni moja kwa moja, kwa hiyo unaweza kufuatilia kimoja au viwili ukiwa nyumbani na kuihifadhi pesa kwa mwaka mwingine. Kama kongamano linatoa ufadhili wa safari, omba mapema, na katika barua yako utaje makala zako kwa majina badala ya kusema kwa ujumla kwamba unaipenda teknolojia.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Mimi hutoka Tanga kwa basi, napita Horohoro, nalala Mombasa, kisha asubuhi napanda treni ya kwenda Nairobi. Njia hii ni ndefu kuliko ya ndege, lakini saa zile za ndani ya treni ndizo ninazozitumia kuzisoma upya makala mbili nilizozichapa, na kwa sababu hiyo siibadilishi.

Ukumbini

Jisajili mapema asubuhi ya siku ya kwanza, uvae kitambulisho chako mahali panapoonekana, na kama waandaaji wanatoa kamba za rangi tofauti kwa wanaokubali na wasiokubali kupigwa picha, ziheshimu rangi hizo tangu dakika ya kwanza. Usijaribu kuingia kila kikao. Vitatu kwa siku vinatosha. Saa zilizobaki ni za varandani, na huko ndiko kazi nyingi inakofanyika.

Namna ya kuandika kumbukumbu inahitaji maelezo kidogo. Lifungue daftari kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto andika anachosema mtoa mada, kwa kifupi, hasa majina ya zana na hatua za kufuata, kwa kuwa slaidi huahidiwa kutumwa na mara nyingine hazitumwi. Ukurasa wa kulia andika jambo hilo linaigusa makala gani katika orodha yako. Mtoa mada akieleza jinsi viungo vinavyokufa, andika kulia, "makala ya soko la Mgandini, viungo vitatu." Ukurasa wa kulia ukibaki mtupu kikao kizima, ujue ulikaa kwenye kikao cha mtu mwingine, na kesho uchague kwa uangalifu zaidi.

Wakati wa maswali ukifika, simama, taja jina lako na unakotoka, kisha uliza kwa sentensi moja au mbili. Kama kongamano liko Afrika Mashariki na ukumbi umejaa watu wanaoelewa Kiswahili, uliza kwa Kiswahili na umwombe jirani atafsiri. Nimeona jinsi jambo hilo linavyowavuta watu: kikao kikiisha, Wakenya, Watanzania na Wakongo waliokuwa wametawanyika ukumbini hujikuta wamesimama pamoja mlangoni. Mazungumzo ya mlangoni namna hiyo yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha na wenzake walipokuwa wakiwahimiza Watanzania waandike mtandaoni kwa lugha yao, hata jina la kitu chenyewe lilikuwa halijatulia, na wako walioita blogu "gazeti tando". Julai 2012 mtandao wa kimataifa wa waandishi wa blogu wa Global Voices, ambao Ndesanjo alikuwa mmoja wa wahariri wake, ulifanya mkutano wake Nairobi. Kila msamiati tunaoutumia leo bila kufikiri ulibishaniwa na watu waliosimama mahali fulani wakiwa na vikombe mkononi.

Varandani ndipo zile karatasi zinapofanya kazi yake. Usiulize, "Unaionaje tovuti yangu?" Mpe mtu makala moja, umwombe aisome mbele yako, na unyamaze. Safari ile ya tatu nilimpa mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mombasa, mama mtu mzima anayeandika kuhusu mapishi na maneno ya Kimvita yanayopotea. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kuisoma makala ya bibi taratibu, akirudia mistari ya kuhusu ukili.

"Mkeka huu umeueleza mpaka nauona," alisema. "Lakini mwanangu, bibi yako hana jina?"

Nilianza kumweleza habari za picha: ile huduma iliyofungwa, barua pepe iliyokwenda kwenye anwani ya zamani, kisanduku cha kijivu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Picha wameipoteza wengine," akasema. "Jina je?"

Sikuwa na jibu. Makala ilikuwa na maneno zaidi ya mia tisa, ilieleza rangi za ukindu na jinsi miyaa inavyoanikwa, na hakuna mahali ilipomtaja kwa jina, wala mtaa aliokaa, wala mwaka. Nilikuwa nimekwenda Nairobi na swali la teknolojia, kumbe kasoro kubwa ilikuwa katika uandishi wangu, nayo ilikuwapo tangu siku nilipobonyeza kitufe cha kuchapisha. Nilirudi kwenye daftari na kuongeza safu ya tano: "Nani, wapi, lini." Nakushauri uiweke safu hiyo tangu mwanzo. Makala zangu zilizofeli katika safu hiyo zilikuwa nyingi kuliko zilizofeli katika zile nne.

Kila usiku, kabla ya kulala, andika ukurasa mmoja wa mambo ya siku hiyo, pamoja na majina kamili ya watu uliozungumza nao na mliloahidiana. Usiuchapishe. Ni wa kukufikisha nyumbani ukiwa bado unakumbuka.

Siku ya pili huwa ya nyumbani

Ukirudi, tenga siku moja nzima ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya kazi nyingine hazijakumeza, uifanye kuwa ile siku ya kutengeneza niliyoitaja. Anza na anwani ya tovuti yako. Kama unaandika kwenye huduma ya bure, fikiria kununua jina la tovuti lililo lako mwenyewe, liwe la .tz, .ke au jingine lolote, na hakikisha limesajiliwa kwa jina lako na kwa barua pepe unayoifungua kila siku. Rafiki yangu mmoja alimwachia fundi kazi ya kusajili. Fundi alijisajili yeye mwenyewe kama mwenye mali, akahama mji, na rafiki yangu hana tena njia ya kuipata anwani aliyoitumia miaka sita. Tarehe ya kulipia upya iandike kwenye kalenda ya ukutani, si kwenye simu pekee.

Kisha toa nakala ya maandishi yako yote. Programu nyingi za kuchapishia zina kitufe cha kupakua kila kitu kwa pamoja, lakini chunguza kama picha zimo, kwa sababu mara nyingi faili hilo hubeba maneno pekee. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta yako, moja kwenye diski ya nje au flashi inayokaa nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Baada ya hapo ingia kwenye tovuti ya Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 kwa ajili ya kuhifadhi kurasa za wavuti, bandika anwani za makala zako muhimu mojamoja na uombe zihifadhiwe. Hapohapo ndipo pa kutafuta vilivyopotea: ukiandika anwani ya ukurasa wa zamani, utaoneshwa tarehe ambazo ukurasa huo ulinakiliwa, kama ulinakiliwa. Mimi niliyapata maandishi ya watu wengine niliyokuwa nimeyawekea viungo, pamoja na picha zangu kumi na moja. Ya bibi haikuwamo.

Unapopanga upya tovuti, usibadilishe anwani za makala. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee aliwaandikia wasimamizi wa tovuti akiwasihi jambo hilohilo, kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na tatizo bado ni letu sote. Kila unapobadilisha anwani, unaua viungo vya watu waliokuamini. Ukilazimika kubadilisha, weka maelekezo ya kumpeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya.

Sasa ndipo usahihishe makala zenyewe. Kosa la herufi rekebisha kimya. Kosa la ukweli, au jambo muhimu lililoachwa, liongeze kwa uwazi chini ya makala pamoja na tarehe ya nyongeza, ili aliyeisoma zamani ajue kilichobadilika. Ile makala ya pili uliyoichapa, ambayo usingeiwekea jina lako leo, usikimbilie kuifuta. Jiulize kama inamdhuru mtu. Kama inamdhuru, iondoe na useme kwamba umeiondoa. Kama inakutia aibu tu, iache mahali pake. Yangu ilikuwa shutuma niliyomwandikia jirani kwa hasira, na mtaa mzima ungemtambua. Niliiondoa, nikaenda kumwambia ana kwa ana.

Hapo linaingia suala la watu unaowaandika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Aidha, mwandishi wa Tanzania anapaswa kuzisoma kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo tangu zilipotolewa mwaka 2018 zimerekebishwa zaidi ya mara moja, ili ajue kama shughuli yake inahitaji leseni. Lakini hata pasipo sheria, ukitaka kuandika jina la mtu, mwombe yeye au familia yake. Kwa bibi nilikwenda kwa mjomba wangu mkubwa. Alikubali jina la bibi na la baba wa bibi yaandikwe kwenye makala ile, kama bibi alivyozoea kujitambulisha, na akataka yasitumike mahali pengine; ndiyo maana siyataji hapa.

Kuhusu kongamano lenyewe, andika makala moja ndani ya wiki mbili, na usisimulie vikao vyote, kwa sababu ratiba tayari inafanya hivyo. Chagua jambo moja lililoingia kwenye ukurasa wa kulia na ulieleze mpaka mwisho. Ichapishe kwanza kwenye tovuti yako, kisha ndipo usambaze kiungo kwenye WhatsApp, Facebook na kwingineko, ili nakala ya asili ibaki kwako hata majukwaa hayo yakibadili masharti. Watumie kiungo hicho wote uliowataja kwenye zile kurasa za usiku, kila mmoja na neno lake la shukrani.

Mjomba aliponipa ruhusa, mkewe aliingia ndani akatoka na albamu yenye jalada la plastiki. Picha niliyokuwa nikiitafuta haikuwamo, ila ilikuwamo nyingine, ya zamani zaidi: bibi ameketi barazani, mguu mmoja ameunyoosha, ukili umeviringishwa kando yake kama gurudumu. Nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, "Chumbageni, 1987." Niliipiga picha kwa simu mchana huohuo karibu na dirisha, nikaiweka kwenye makala, nikaandika chini yake jina lake, la baba yake, mtaa na mwaka, na chini zaidi tarehe ya nyongeza. Makala ingali kwenye anwani ileile ya mwaka 2011.